Kwa nini barua zangu zilijaa Foppa

Mwanangu,

Meseji yako ya juzi usiku nimeisoma mara tatu, ya kwanza nikacheka, ya pili nikacheka, ya tatu nikaenda kukaa jikoni peke yangu taa imezimwa. Naikopi hapa tusije tukabishana baadaye nani kasema nini: "Mama nimefungua sanduku la bibi, barua zako zote zimo, nimezihesabu ziko 43. Foppa kafunga, Foppa kaumia, Foppa kahama timu. Wewe mwenyewe haumo. Kwa nini?" Halafu chini ukaweka kale kakichwa kanakocheka machozi, kama vile umeuliza utani kuhusu Foppa wangu, Peter Forsberg, yule mcheza hoki ya barafu wa Uswidi.

Hukuuliza utani, nakujua. Nilijaribu kukurekodia sauti mara mbili nikaishia kukohoa, kwa hiyo naandika, na naandika kama ninavyoongea, ukikuta sentensi haina mwisho vumilia tu ndo mama yako huyo.

Kwanza hebu kumbuka nani alikuwa anasoma zile barua. Bibi yako, Mungu amrehemu, msahafu alikuwa anaufungua popote pale anasoma, ila herufi za shule zilikuwa zinampiga chenga. Kwa hiyo barua yangu ikifika Ngamiani, Tanga, ilikuwa inamngoja yule mwalimu mstaafu wa nyumba ya tatu, amalize alasiri yake, apite barazani, apewe kahawa, avae miwani, ndo asome, tena kwa ile sauti yake ya darasani. Na pale barazani wapo shangazi zako, yupo muuza vitumbua, wapo na wapita njia wamesimama na baiskeli zao wanasikiliza habari za Ulaya. Baadaye ukafika darasa la tatu ukaanza kuzisoma wewe, na hapo ndo ikawa ngumu zaidi. Sasa mbele ya baraza lile ningeandika nini mwanangu? Kwamba nalala na koti? Kwamba leo nimepiga deki ngazi za ghorofa nane na hakuna mtu hata mmoja aliyenisalimia? Barua kama hiyo ingefika Chumbageni kabla mwalimu hajavua miwani.

Ndo Foppa akaingia hapo. Ila usije ukadhani nilimtumia kama kisingizio tu, la, yule mtu nilimpenda kweli, na nikisema nilimpenda namaanisha mchezo wake, baba yako alishaniuliza hilo swali zamani na nilimjibu vibaya.

Nilifika Örnsköldsvik Oktoba 1993. Wenyewe wanafupisha, wanasema Övik. Mji wa kaskazini, uko pembeni ya ghuba, watu kama elfu thelathini, katikati ya mji kuna kilima cha kurukia ski kimesimama kama ngazi iliyosahaulika, na upepo ukigeuka unaletewa harufu ya kiwanda cha Domsjö wanakopika miti. Baba yako alijuana na Waswidi tangu yuko Mgololo kule Mufindi kwenye kiwanda cha karatasi, wakamsaidia akapata kazi, nami nikamfuata. Wewe tukakuacha na bibi miezi sita. Ndo tulivyosema, miezi sita, na bibi alivyotuangalia siku ile nafikiri alishajua hesabu yetu ni ya uongo.

Desemba kule jua linatoka saa tatu na kitu asubuhi na saa nane mchana limeshazama. Sikuwa najua kwamba kuna mahali duniani mchana unakatwa hivyo. Baba yako yuko shifti, mimi niko dirishani natazama theluji inashuka kama mtu anamwaga pamba za mto.

Sasa nenda kwenye ile barua ya Februari 1994, haina stempu yenye picha ya Foppa bado, ina stempu ya kawaida. Ilikuwa Jumapili tarehe 27, Ramadhani iko katikati, niko jikoni nahangaika na futari, uji wa pilipili manga, tende nilizobeba kutoka Dar zimebaki kama kumi nazihesabu kila siku. Mlango ukagongwa. Nafungua, ni yule bibi wa ghorofa ya chini, mzee wa miaka sabini na kitu, toka nihamie hatujawahi kuambiana zaidi ya "hej". Akanishika mkono, hakusema kitu, akanivuta. Yaani alinivuta kweli, nina mwiko mkononi, nikazima jiko nikamfuata na kanga yangu. Sebuleni kwake TV inawaka na kuna majirani watano hivi hawajageuka hata kuniangalia. Fainali ya Olimpiki, Lillehammer kule Norwe, Uswidi na Kanada, hoki ya kwenye barafu. Baadaye nilikuja kuelewa alinivuta kwa sababu moja tu, hakutaka mtu yeyote kwenye lile jengo aikose.

Mimi wakati huo sijui kitu. Naona watu wamevaa magodoro, wanateleza, wanagongana, kile kidude cheusi cha mpira chenyewe sikioni kinapita wapi. Mbili mbili. Uswidi walisawazisha zimebaki kama dakika mbili. Muda wa ziada, bado. Zikaja penati, na penati zao si kama za mpira wa miguu, mchezaji anaanzia katikati ya uwanja na kile kidude anateleza nacho mpaka kwa golikipa, mtu na mtu. Tano tano, sare. Wakaanza moja moja, atakayekosa kakosa. Akaja kijana namba 21, miaka yake 20, na yule bibi akanifinya mkono akasema neno moja, akaonyesha sakafu: "Härifrån." Wa hapa hapa. Nilikuwa nimeanza kozi ya lugha wiki tatu, hilo neno nilikuwa nalo.

Sasa sikiliza alichofanya, manake hiki ndo kiko kwenye stempu. Alikuja anateleza kama hana haraka, akavuta kushoto kama anataka kupiga, golikipa wa Kanada, Corey Hirsch, akamfuata, akajinyoosha chini kushoto huko huko. Na alipoona golikipa kaondoka mzima, akaachia mkono mmoja kwenye lile gongo la kuchezea, akanyoosha ule mmoja uliobaki kwa nyuma, upande wa pili, akakisukuma kile kidude taratibu, taratibu mwanangu, kama mtu anayerudisha sahani kabatini asimwamshe mtoto. Goli. Halafu Mkanada Paul Kariya akaja kupiga yao, golikipa wetu Tommy Salo akaitoa, na lile jengo zima likapiga kelele, juu, chini, kwenye ngazi, watu nilioishi nao miezi minne nikidhani ni mabubu. Hiyo ndo ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Olimpiki ya Uswidi kwenye hoki.

Nje giza limeshaingia. Nikawaonyesha kwa mikono kwamba nimefunga, nataka kufuturu, yule bibi akaniletea maji na mkate wa iliki wanaoita kardemummabulle, nikaula pale mbele ya TV nikasikia iliki. Miezi minne sijasikia iliki kwa mtu mwingine. Hilo la iliki sikuliandika. Niliandika: "Kuna kijana wa mji huu anaitwa Peter Forsberg, kwa utani Foppa, amefunga goli, watu wote wamefurahi." Na mwalimu akasoma, na baraza likafurahi, na bibi akajibu nimpe hongera huyo Foppa. Basi. Ndo ilivyoanza.

Goli lenyewe hakulibuni yeye, hilo nikuambie kwa haki. Kulikuwa na Mswidi mwingine fundi sana, Kent Nilsson, alilifanya mwaka 1989 dhidi ya Marekani, Foppa akiwa kijana akaliona. Ila kuona ni kitu kimoja, na kulijaribu kwenye penati za kuamua dhahabu ya Olimpiki una miaka 20 ni kitu kingine kabisa.

Halafu nikaanza kumfuatilia. Kazaliwa tarehe 20 Julai 1973, baba yake Kent Forsberg ndo alikuwa kocha wa timu ya mji, MODO, jina linatokana na kampuni ya misitu, Mo och Domsjö, kwa hiyo ukisema MODO umetaja kile kile kiwanda kinachonuka. Mwaka 1993 kwenye mashindano ya dunia ya vijana pale Gävle alipata pointi 31 kwenye mechi 7. Kwao goli moja ni pointi moja na pasi ya goli ni pointi moja. 31 kwa mechi 7, na mpaka leo naandika hakuna kijana aliyeipita. Na kati ya hizo magoli yalikuwa 7 tu, 24 zote pasi. Hapo ndo alinipata mimi. Mtu ana nguvu ya kufunga mwenyewe kisha anampa mwenzie.

Ila msimdhanie ni mpole. Kwenye hoki ukibanwa ukutani unapigwa, sasa yeye alikuwa na ujanja wake, mtu anakuja kumpiga, yeye anageuza nyonga anampiga yule anayekuja. Mpigaji ndo anaanguka. Nilicheka siku ya kwanza nilipoiona, nikamkumbuka shangazi yako mkubwa kwenye foleni ya mafuta ya taa.

Habari ya kuuzwa kwake ndo ilimpendeza bibi kuliko zote, utaikuta kwenye barua ya mwisho wa 1994. Philadelphia, timu ya NHL, ligi ya hoki ya Marekani na Kanada, walimchagua mwaka 1991, wa 6 kwenye orodha ya vijana wa mwaka ule, na kabla hajavaa hata jezi yao, 1992 wakamtoa kwenda Quebec, yeye na wachezaji wengine watano, na nafasi za kuchagua vijana, na dola milioni 15 juu yake, yote hayo ili wampate kijana mmoja tu wa Kikanada, Eric Lindros. Bibi alisema hayo si mauzo hayo ni mahari, na waliotoa wataijutia. Aliona mbali mwanamke yule. Huko Quebec alianza Januari 1995, msimu ukiwa umekatwa nusu kwa ugomvi wa hela kati ya wenye timu na wachezaji, akapata pointi 50 kwenye mechi 47 na tuzo ya mchezaji mpya bora wa ligi nzima.

Sasa ile ya Agosti 1995. Hiyo naomba uisome tena ukiwa umekaa.

Niliandika: "Timu ya Foppa imehama. Mji umelala una timu, umeamka hauna. Wamehamia Denver, Marekani, mbali sana." Ni kweli, Quebec waliuza timu ikaenda Colorado, si uongo. Ila kiangazi kile kile baba yako alihamia Göteborg. Alichukua redio na zile sufuria mbili nzuri. Nilikaa na hiyo barua mezani wiki nzima najaribu kuandika sentensi moja, kila nikiianza namsikia mwalimu anaisoma kwa ile sauti yake, mbele ya wifi zangu. Basi nikaandika timu imehama.

Majibu yakaja baada ya mwezi na kitu, kwa mwandiko wa mwalimu, salamu za kila mtu, bei ya sukari, wewe umeota jino la mbele, halafu chini kabisa: "Mwambie Foppa timu ikihama mchezaji habaki akafagia uwanja." Nilisoma nikakaa chini kwenye ngazi, na ndoo yangu ya deki iko pembeni, nilikuwa nafagia kweli. Alikuwa ameelewa kila kitu, na alichokuwa anasema ni rudi nyumbani. Sikurudi. Nilikuwa na sababu nzuri, paa la nyumba, ada yako, karatasi za ukaazi ambazo nikiondoka zinakufa, na nilikuwa na sababu mbaya moja, aibu. Nikamjibu kwamba Foppa ameamua kubaki na timu huko huko ilikohamia, na anaendelea vizuri.

Na kweli aliendelea vizuri! Msimu wa kwanza Denver, 1995 kwenda 96, pointi 116, na Juni 1996 wakachukua Stanley Cup, kikombe chao kikubwa kabisa, wakiwapiga Florida nne bila, na mechi ya pili Foppa alifunga magoli matatu kipindi cha kwanza peke yake. Mechi ya nne iliisha kwetu ni asubuhi, manake huko ni usiku wa manane, walicheza muda wa ziada mara tatu wakaja kupata goli moja. Juni huku usiku haupo, jua linazama kidogo tu kama linakwenda kuchukua kitu linarudi, na nikasikia mlango unagongwa, bibi wa chini, na kahawa yake kwenye chupa.

Stempu ndo za kipindi hicho, posta ya Uswidi waliitoa 1995. Moja ilikuwa haitoshi kufika Tanga, nilikuwa nabandika tatu, ndo maana unaona kila bahasha ina Foppa watatu wanafunga goli moja. Ukiangalia vizuri golikipa pale kavaa bluu na namba yake siyo. Hirsch alikataa kuwekwa kwenye stempu, hakutaka akumbukwe kwa goli alilofungwa, basi wachoraji wakambadilisha jezi. Wakati ule nilimcheka. Miaka mingi baadaye akajitokeza mwenyewe kueleza kwamba kipindi kile kile alikuwa anapigana na ugonjwa wa akili, kwa siri, hadi alifikia kutaka kujiua, na siku hizi anazunguka kuzungumza na watu wenye hali hiyo. Nilipoisoma hiyo niliona aibu kwa kile kicheko. Sote tulikuwa tunaangalia mkono wa Foppa, nani alimwangalia yule aliyelala chini.

Na sasa kuhusu mjomba. Umewahi kuniambia kwamba mpaka darasa la tatu ulikuwa unajua Foppa ni mjomba wako. Hilo si kosa langu! Hilo ni la bibi yako na baraza lake. Nasikia watu walikuwa wanampitia wanamuuliza "mjomba wa Ulaya hajambo?" naye anajibu, "Hajambo, ila mguu."

Kwa ile ya Mei 2001 usitafute siri, hapo namlilia Foppa mwenyewe. Walimaliza mechi ya saba na Los Angeles, wakashinda, akaenda kula na wenzake, tumbo likamkata, usiku ule ule hospitali wakamtoa bandama. Wenzake wakaenda kuchukua kikombe bila yeye uwanjani. Nilikuwa nasomea uuguzi msaidizi mwaka ule, kwa hiyo barua ile ni ndefu na imejaa bandama, inachuja damu, inasaidia kupigana na maradhi, mtu anaishi bila hiyo ila lazima achanjwe. Nilikuwa najionyesha kidogo, naona. Bibi akasoma Yasini siku ya Ijumaa kwa ajili ya Mswidi wa Denver. Foppa akakaa nje ligi nzima iliyofuata, akarudi kwenye mtoano tu wa 2002, na akaongoza wote kwa pointi, 27 kwenye mechi 20. Bibi hakushangaa hata kidogo.

2003 nilikuwa na furaha tu mwaka mzima, nimepata kazi ya kudumu kwenye nyumba ya wazee, na mji huu ulikuwa umegawanyika katikati. Kuna kijana mwingine wa hapa, Markus Näslund, kazaliwa tarehe 30 Julai 1973, siku kumi tu baada ya Foppa. Wamekua wote, wamecheza MODO wote, sasa mmoja yuko Colorado mmoja Vancouver, na wanagombea nani atamaliza na pointi nyingi kuliko wote katika NHL nzima. Kazini wazee wangu walikuwa wanabishana kwenye uji. Siku ya mwisho ya ligi Näslund akatoka kapa, Foppa akampita, 106 kwa 104, na akapewa na tuzo ya mchezaji bora wa ligi, Mswidi wa kwanza kuipata. Miaka saba baadaye pacha Henrik Sedin akawa kinara wa pointi, mwaka uliofuata pacha mwenzie Daniel. Waswidi waliowahi kumaliza vinara wa pointi NHL ni watatu tu na wote ni wa hapa Övik. Ukiniuliza sababu nitakwambia ni giza, mtoto hana pa kwenda ila ukumbini kwenye barafu, lakini miji yenye giza iko mingi.

Halafu ukaja wewe, mwisho wa 2004, umemaliza darasa la saba. Unaikumbuka? Ligi ya Marekani ilisimama mwaka mzima kwa ule ule ugomvi wa hela, basi wote wakarudi nyumbani, Foppa, Näslund, wale mapacha, wote kwenye jezi ya MODO, na tiketi ilikuwa kama tiketi ya boti ya Pemba siku ya Idi. Yule bibi wa chini alikuwa ameshafariki, ila mwanawe wa kiume alikuja akanipa mbili, akasema mama aliacha maneno. Nikakupeleka Kempehallen umevaa masweta matatu. Nikakuonyesha namba 21, nikakuambia ndo mjomba wako huyo. Ukamwangalia kidogo, ukauliza, "Mama, barafu inaisha saa ngapi?" Kipindi cha pili umelala begani kwangu. Mimi sikuona mechi. Nilikaa nimeganda hivyo hivyo, bega limekufa ganzi, watu wanaruka huku na huku, nasema asiamke, asiamke, manake toka ufike hukuwa umenilalia. Usiku ukasema unataka kurudi kwa bibi. Kwenye barua ya Januari niliandika "tumekwenda kumuona Foppa, mtoto amefurahi."

Barua ya mwisho ni ya Machi 2006, dhahabu ya pili ya Olimpiki, Torino, Uswidi 3 Ufini 2, la ushindi kafunga Lidström kipindi cha tatu kimeanza tu, na Foppa yumo kwenye pasi. Baada ya hapo ulishamnunulia bibi ile Nokia ya tochi, na barua zikafa.

Kwa simu yaliyobaki yalikuwa ya mguu. Mguu wake wa kulia ulikuwa haukai sawa ndani ya kiatu cha barafu, alifanyiwa operesheni baada ya operesheni, akatengenezewa viatu vya kila aina. Philadelphia, Nashville, Colorado tena mechi tisa, MODO tena, Vancouver Olimpiki 2010. Watu walianza kumcheka hapa mjini, kila vuli anarudi kila baridi anaumia. Mimi sikumcheka, mimi mwenyewe mgongo ulikuwa umeanza, miaka ya kunyanyua wazee kitandani. Na jambo la kuchekesha, zile kroksi tunazovaa kazini, Waswidi wanaziita foppatofflor, kandambili za Foppa, kwa sababu alikuwa na hisa kwenye kampuni iliyozileta huku. Mtu ambaye hapati kiatu cha kumtosha duniani kote kavisha manesi wa nchi nzima. Nimevaa za kijani, nikaja za bluu, saivi nina nyeusi.

Februari 2011 akarudi Colorado mara ya mwisho. Mechi mbili. Tarehe 14 akasema basi, ana miaka 37. Mechi 708 za NHL, pointi 885, na angekuwa na mguu mzima sijui ingekuwa ngapi. Nikampigia bibi, nikamwambia Foppa ameacha, mguu umekataa. Akanyamaza. Nikadhani mtandao. Halafu akasema, "Kajaribu mara ngapi?" Nikasema nyingi. Akasema, "Na wewe?"

Nikamwambia salio linakwisha. Halikuwa linakwisha, nilikuwa nimeweka siku ile ile.

Nimekata tiketi, nafika tarehe 9 mwezi ujao, Dar kisha basi, usije kunipokea na mvua. Barua usizitie kwenye mfuko wa plastiki, zitapata unyevu, zirudishe kwenye lile lile sanduku na zile stempu usizibandue hata moja. Nikishapumzika tutakaa barazani unisomee zote, kwa sauti, kama ulivyokuwa unamsomea yeye, na mimi nitakukatiza pale pa kukukatiza. Anzia ya Februari 1994. Na kahawa iwe ya tangawizi, hii ya huku imenichosha.

Mama yako